Soksi Ishirini na Mbili

Eldrid alipiga simu mwezi wa pili.
"Baba, harusi ni Juni, Hammerfest, kwa kina Ánte.
Nataka bia ya kwetu. Ile ya babu."
Nikanyamaza. Akasikia ninavyonyamaza.
"Nimesema upike," akasema. "Sijasema unywe."

Mwaka wa nane sasa sijaonja.
Lakini mkono hausahau.
Nikakata matawi ya mreteni nyuma ya zizi,
nikayachemsha mpaka nyumba yote ikanuka msitu,
nikamwagia kimea, nikachuja, nikangoja
ipoe hadi joto la maziwa ya mtoto,
ndipo nikaitumbukiza hamira ya babu
iliyokauka kwenye pete ya mti tangu azikwe.
Iliamka usiku uleule.
Niliisikia jikoni ikinong'ona
kama mtu anayesali asijue ana msikilizaji.

Kuonja, nilimwita jirani, Brynjulf.
Akanywa, akatazama dari, akanywa tena.
"Vipi?"
"Ngoja kwanza, sina hakika."
Jagi likaisha, hakika haijampata.

Chupa kumi na moja, kila moja soksi mbili za sufu.
Bergen, mizani ya mizigo: ishirini na sita na nusu.
Mwisho ishirini na tatu.
Binti wa kaunta, kucha za kijani, akangoja.
Nikatoa viatu vya harusi, nikavivaa.
Nikatoa koti, nikalivaa juu ya koti.
Nikatoa sweta. Nikatoa Biblia ya mama,
nikaikumbatia kama mchungaji aliyefukuzwa kazi.
"Humu kuna nini, mzee?"
"Soksi."
Sikudanganya. Sikumaliza sentensi tu.

Tromsø tukabadili: ndege ndogo ya mapangaboi
iliyorukaruka juu ya milima kama mbuzi aliyekata kamba.
Wengine walifumba macho.
Mimi nilitega sikio chini ya miguu yangu,
na kila mtikisiko nikasema: hiyo moja.
Hiyo mbili.

Ilikuwa moja.
Kumi nzima, na moja vigae ndani ya soksi zake,
na bia yake yote imenywewa na shati langu jeupe.
Sikuwa na jingine.
Nikalifua kwa sabuni ya hoteli, kipande kidogo kama kidole,
nikalikausha kwa mashine ya nywele hadi usiku wa manane,
usiku wa huko, ambao una jua.
Doa lilitoka. Harufu haikutoka.

Mlangoni mwa kanisa Eldrid akanikumbatia,
kisha mgongo wake ukakakamaa mikononi mwangu.
Akawa tena wa miaka kumi na miwili,
juu ya ngazi, akihesabu hatua zangu.
Mama yake, Gunnvor, akatazama bahari.

Ningesema nini?
*Imemwagika tu.*
Maneno hayo niliyasema mara mia,
na mara mia yalikuwa uongo.
Leo ni kweli, na sina mengine.

Nikatia mkono mfukoni, nikampa soksi.
Nilikuwa sijaona pipa la kutupia.
Akaifungua juu ya maua yake, akaona vigae.
Kisha akanivuta shingo, akaninusa mdomo,
karibu, kama zamani, bila aibu.
"Kahawa," akasema.
Akarudia, akimgeukia mama yake: "Ni kahawa!"
Kinanda kilikuwa kimeanza. Tukachelewa.

Chupa kumi, watu themanini,
kila mtu funda moja la kulowesha ulimi.
Bibi yake Ánte aliuliza kama ni dawa,
akaambiwa hapana, akaomba tena.
Soksi walizigombania. Kule baridi haina likizo.

Kurudi, mizani ikasoma kilo nne.
Binti wa Hammerfest akaniuliza kama nimesahau kitu.
Nilivaa viatu vya harusi, miguu mitupu ndani yake,
na ladha ya ile bia mpaka leo siijui.